Rimu kubwa, barabara yenye mashimo: jinsi ya kuchagua tairi la gari la kifahari la umeme mjini Kampala

Mwezi Aprili 2023 wakazi wa Kampala walifanya maonyesho yasiyo na ukumbi wala kiingilio. Kwa wito wa Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa chuo kikuu, walipiga picha mashimo ya barabara za mitaa yao na kuzitundika mtandaoni, kila mmoja akijigamba kwa shimo la kwao. Kejeli hiyo ilifika Ikulu. Rais Yoweri Museveni aliagiza Wizara ya Fedha iipatie Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo hayo. Mengi yalizibwa, na mengine hurudi kila msimu wa mvua kana kwamba yana hati miliki ya mahali pale.

Katika barabara hizo hizo sasa huonekana, ingawa kwa nadra, magari ya kifahari yanayotumia umeme. Mwenye kuliagiza gari la namna hiyo huuliza kwanza habari za betri: litakwenda kilomita ngapi, na litachajiwa wapi. Ni wachache wanaouliza habari za tairi kabla ya kulipa. Hata hivyo uamuzi mdogo unaofanyika siku ya ununuzi, yaani kuchukua rimu ya inchi 19 au ya inchi 21, ndio utakaoamua ni mara ngapi mwenye gari atasimama kando ya barabara akisubiri msaada.

Uganda si mgeni wa magari ya umeme. Novemba 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walizindua Kiira EV, gari dogo la watu wawili, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors inayounda mabasi ya Kayoola. Lakini basi hubuniwa kwa kazi ya barabara za hapa. Gari la kifahari hubuniwa kwa barabara kuu za Ujerumani au California, kisha huletwa Kampala likiwa na viatu vya huko. Kwa kuwa Uganda huendesha upande wa kushoto, mengi ya magari yaliyokwisha kutumika hutoka Uingereza na Japani, na huja na tairi na rimu alizozichagua mtu mwingine kwa ajili ya barabara nyingine.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi ndiyo mahali pa kuanzia. Chukua mfano wa Tesla Model S ya miaka ya mwanzo, iliyouzwa kwa vipimo viwili: 245/45R19 na 245/35R21. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukikokotoa utaona kwamba ubavu wa tairi la inchi 19 una kimo cha milimita 110, na wa tairi la inchi 21 una milimita 86 tu. Tairi zima, likipimwa kutoka ukingo hadi ukingo, ni takriban milimita 703 kwa lile la kwanza na 705 kwa la pili. Maana yake ni kwamba gurudumu halikukua hata kidogo. Kilichofanyika ni kuondoa mpira na hewa, na mahali pake pakajazwa chuma chepesi kinachong'aa. Jambo hili huwashangaza wengi wanaodhani kwamba rimu kubwa huliinua gari juu ya mashimo.

Milimita hizo 24 zilizopotea ndizo zinazolinda rimu. Gurudumu linapoingia shimoni, ukingo wa pili wa shimo, ambao aghalabu ni lami iliyokatika kwa makali, hulipiga tairi kwa mbele. Ubavu hujikunja. Ukiwa mrefu, hujikunja na kurudi. Ukiwa mfupi, hufika mwisho wake upesi, na mpira hubanwa kati ya makali ya lami na makali ya rimu kama kidole kinachobanwa na mlango. Matokeo huwa mawili, na wakati mwingine huja pamoja. Rimu hupinda au kupasuka. Au nyuzi zilizofumwa ndani ya ubavu hukatika, na baada ya siku chache uvimbe hujitokeza nje ya tairi. Uvimbe huo hauna tiba, wala hauzibwi kwa kiraka. Mahali hapo pamebakiwa na mpira mtupu unaozuia hewa, na mahali pabaya zaidi pa kupasukia ni kwenye barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe, panapoendeshwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa.

Uzito huongeza makali ya jambo hili. Betri hulazwa chini ya sakafu ya gari zima, na kwa sababu hiyo Mercedes-Benz EQS hufikia karibu kilo 2,500 kabla abiria hajaingia. Gari zito likidumbukia shimoni hupiga kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana, baada ya kipimo cha tairi, kuna namba nyingine ambayo wanunuzi wengi huiruka: namba ya uzito. Tairi lenye namba 98 hubeba kilo 750, na lenye 102 hubeba kilo 850. Yote mawili yanaweza kuwa 245/45R19, yakafanana kama mapacha dukani, na lile la 98 likawa na bei nafuu zaidi. Kama mtengenezaji wa gari ametaja 102, lile la 98 halifai hata kama linaingia kwenye rimu bila shida. Alama ya XL huonyesha tairi lililoimarishwa. Mwaka 2021 kampuni ya Pirelli ilitoa daraja jipya lenye alama HL, linalobeba mzigo mkubwa kuliko hata XL, na gari la kwanza kuvishwa tairi hilo lilikuwa la umeme: Lucid Air.

Lucid Air hiyo hiyo inatoa mfano mzuri kuhusu safari. Toleo lake la mwaka 2022 la Grand Touring lilipimwa Marekani kwa magurudumu ya inchi 19 likapewa maili 516 kwa chaji moja, sawa na kilomita 830. Likivishwa inchi 21, lilipewa maili 469, yaani kilomita 755. Betri na mota ni zile zile. Magurudumu peke yake yalikula kilomita 75, karibu umbali wa kutoka Kampala hadi Jinja. Sababu ni kadhaa: gurudumu la rimu kubwa kwa kawaida ni zito, tairi lake aghalabu ni pana na lenye mpira wa kushika zaidi barabara, na nafasi pana kati ya miale ya rimu huchafua mkondo wa hewa ubavuni mwa gari.

Kwa haki ni lazima isemwe kwamba mkazi wa Kampala anayetoka Ntinda kwenda kazini Nakasero hatauona upungufu huo. Katika msongamano wa magari hewa haina la kufanya, na gari la umeme hurudisha sehemu ya nishati kila linapopunguza mwendo. Upungufu huonekana siku ya kwenda Mbarara, kilomita zipatazo 270, au Gulu, zaidi ya kilomita 300, ambako kituo cha kuchaji ni kitu cha kuulizia mapema. Huko ndiko pia kuna murram, ile barabara ya udongo mwekundu na changarawe, ambayo nayo haina huruma na ubavu mfupi.

Kuhusu upepo, ipo desturi mjini ya kupunguza kidogo ili gari lipite mashimoni kwa ulaini. Kwa gari zito lenye tairi la ubavu mfupi, ushauri huo ni hatari. Tairi lenye upepo pungufu hubanwa upesi zaidi dhidi ya rimu, hupata joto, huisha pembeni na hula umeme. Kuzidisha upepo nako si dawa, kwani tairi huwa gumu na kila kishindo hupelekwa moja kwa moja kwenye rimu na shokabu. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho upande wa mlango wa dereva, na husomwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Magari haya huwa na sensa zinazoonyesha upepo kwenye kioo cha dashibodi, lakini zinazosomwa saa nane mchana baada ya kutoka Entebbe zitaonyesha zaidi kwa sababu ya joto. Asiwepo wa kutoa upepo wakati huo.

Mvua ni suala jingine. Kampala hupata misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na maeneo kama Bwaise na Kalerwe hufurika kwa saa chache. Tairi linalookoa umeme hubingirika kwa wepesi, na baadhi ya matairi ya namna hiyo hushika vibaya lami iliyolowa. Tairi jipya lililouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya huwa na kibandiko chenye herufi A hadi E, herufi moja kwa matumizi ya nishati na nyingine kwa kushika barabara yenye maji. Kwa Kampala, herufi ya maji ndiyo ya kutazamwa kwanza. Breki ya gari la kilo 2,500 ikikosa mshiko karibu na kivuko cha watoto wa shule, umeme uliookolewa hauna maana. Meno ya tairi nayo yakaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mota ya umeme hutoa nguvu zake zote papo hapo na tairi huisha upesi kuliko wamiliki walivyozoea kwenye magari ya petroli.

Gari lililotoka nchi ya baridi lichunguzwe kama halina alama ya mlima wenye kipande cha theluji ubavuni mwa tairi. Lililotengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi huwa na mpira laini, na joto la hapa hulimaliza haraka. Umri nao husomwa: tarakimu 4 za mwisho katika mfululizo unaoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno kamili lakini lililokaa ghalani miaka minane si tairi jipya, hata muuzaji aapeje.

Kisha kuna swali la upatikanaji, ambalo huenda ndilo zito kuliko yote. Maduka ya Kampala hulisha zaidi Toyota, na akiba yao hufuata rimu za magari hayo. Tairi la inchi 21 lenye namba ya uzito inayotakiwa aghalabu huagizwa, na gari hukaa likisubiri. Baadhi ya magari, kama Porsche Taycan, huwa na tairi la nyuma pana kuliko la mbele, kwa hiyo hayawezi kubadilishana nafasi ili yaishe kwa usawa. Mwenye kuchagua kati ya magari mawili anaweza kupiga simu maduka matatu kabla ya kulipa, akiwa na kipimo kamili mkononi. Pia aulize rimu ndogo kuliko zote ambayo mtengenezaji mwenyewe ameiidhinisha kwa toleo lile. Kushuka chini ya hapo hakufai, maana rimu itagota kwenye breki.

Mengi ya magari haya hayana tairi la akiba. Yana chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo, ambazo husaidia msumari ulioingia kwenye meno lakini hazifanyi lolote kwa ubavu uliopasuka. Kwa bei ya mwezi mmoja wa wasiwasi, mmiliki anaweza kuweka gurudumu moja zima la inchi 19 nyumbani, na kulibeba kwenye buti anapotoka nje ya mji.

Fundi pancha wa kando ya barabara, ambaye kwa Kiganda tairi kwake ni omupiira, jina lile lile la mpira wa kuchezea, ana ujuzi ambao haupaswi kudharauliwa. Ila gari hili lina mambo mawili asiyoyakuta kila siku. Ndani ya tairi huenda pamegundishwa sponji ya kupunguza kelele, ambayo sharti ikatwe mahali pa tundu kabla ya kuweka kiraka. Na chini ya sakafu, pale ambapo jeki ya gari la kawaida huwekwa popote penye chuma kigumu, kuna betri ya bei kubwa. Jeki huwekwa kwenye vituo vinne tu vilivyoonyeshwa katika kitabu cha gari, kwa kutumia kipande cha mpira kinachoingia kwenye tundu lake. Vipande hivyo vinne ni vidogo, huuzwa kwa bei ndogo, na mahali pake ni ndani ya buti pamoja na geji ya upepo.