Sarafu Isiyoshikika

Tayarisheni kalamu na daftari, maana leo tuna hesabu.

Bitcoin ni sarafu, lakini huwezi kuitia mfukoni. Imeandikwa katika daftari moja kubwa lililomo ndani ya kompyuta nyingi duniani, wala hakuna benki kuu inayoitoa. Ilianza Januari 2009. Kanuni yake yasema sarafu hizo hazitapita milioni 21, basi wengi huziona adimu kama dhahabu.

Sasa andika. Mwezi wa Novemba 2021 sarafu moja ilipita dola 68,000. Novemba 2022 ilishuka chini ya dola 16,000. Mtu aliyeweka dola 100 alibakiwa na ngapi? Gawanya. Hazikutimia hata 24! Aliyeweza kungoja mpaka Machi 2024 alizipata tena dola zake 100. Lakini je, kama zilikuwa karo ya mtoto? Shule haingoji miaka miwili.

Kwa nini bei hurukaruka hivi? Shamba hukupa mahindi, na duka hukupa faida, bila wewe kuviuza. Bitcoin haizai kitu. Faida yako yatoka kwa mnunuzi wa baadaye atakayelipa zaidi yako. Wanunuzi wakiingiwa na hofu, bei yaanguka. Tena ukipoteza maneno ya siri ya kufungulia sarafu zako, hakuna karani wa kumwendea.

Kazi ya nyumbani: bei ikishuka kutoka 100 hadi 25, yapasa ipande mara ngapi hata irudi palepale? Tutasahihisha katika somo lijalo.