Mto Mmoja, Tabia Mbili za Nchi

Mtu akiondoka Kipini, hapo mto Tana uingiapo baharini, akaufuata kwenda juu, akapita Ngao na Garsen, kisha Hola na Bura, hata kufika Garissa, ataona jambo la kumfikirisha. Njiani hatakutana na mlima, wala mto hautakuwa mbali naye; lakini nchi itageuka mbele ya macho yake. Minazi itakoma. Miembe na migomba itabaki kandokando ya maji tu, na akiliacha bonde kwa mwendo mfupi ataingia katika vichaka vya miiba. Mji wa Garissa umeinuka juu ya usawa wa bahari kwa mita 150 hivi tu. Basi si urefu wa nchi uliozitenga sehemu hizi mbili. Kilichozitenga ni bahari na pepo zake.

Tutazame joto kwanza. Maji ya bahari hupata joto polepole, na hupoa polepole. Nchi kavu huwaka upesi jua likiwa juu, na hupoa upesi likishatua. Kwa hiyo watu wa Lamu na Kipini huletewa upepo wa bahari mchana, nao huwapunguzia ukali wa jua. Kule Lamu joto la mchana ni kama digrii 30, na usiku hupungua digrii 5 au 6 tu. Kule Garissa mchana hufika digrii 34 au 35, na usiku hupungua digrii 10 au zaidi. Mgeni wa pwani huzimia moyo kwa jua la bara, na mgeni wa bara hulalamikia unyevu wa pwani usiomwacha hata usiku.

Sasa tutazame mvua. Pwani ya Lamu hupata kama milimita 900 kwa mwaka, na Garissa haifiki 400. Upepo wa kusi huja umechukua unyevu wa bahari, nao huutua mwingi karibu na ufuo. Ndiyo maana mwezi wa Mei ni mwezi wa mvua kubwa huko pwani. Ukiisha kupita huko, hauoni kilima cha kuuinua hata upoe na kunyesha, basi hupita juu ya tambarare na kuiacha kavu. Tena majira hayalingani. Mwezi wa Mei, pwani inapolowa, mvua za bara huwa karibu kwisha. Bali mvua za Novemba, ambazo Lamu ni chache, kwa watu wa bara ni tegemeo kubwa.

Neno hili lawahusu sana waalimu na jamaa wanaohamishwa kutoka mahali hata mahali. Kalenda ya shamba iliyo njema Witu yaweza kuleta njaa Bura. Anayengoja mwezi wa Mei kupanda huko juu atakuwa amechelewa. Mbegu nazo ni vivyo hivyo: mpunga na mnazi hupenda maji mengi, lakini mtama, kunde na pojo huvumilia mvua haba. Mwalimu mgeni na awaulize wazee wa mahali kabla ya kuwafundisha watoto wao kulima.

Lakini Mungu hakuiacha bara bila maji. Mto Tana huanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, nako mvua ni nyingi. Mvua ile ikinyesha, maji hushuka siku kadha wa kadha, hata hufurika katika nchi ambayo pengine haikupata tone. Wapokomo kwa vizazi vingi wamelima katika tope linaloachwa na mafuriko. Na huko mwisho wa mto, bahari ikijaa husukuma maji matamu ya mto juu ya mashamba ya mpunga. Lakini mto ukipungua mno, maji ya chumvi ndiyo yanayoingia, na mpunga hufa. Mabwawa yaliyojengwa huko juu, kama la Masinga lililomalizika mwaka 1981, yamebadili kujaa na kupungua kwa mto. Hata hivyo mafuriko hayakukoma. Mwaka 2018, na tena mwaka 2023 na 2024, maji yaliwatoa watu wengi katika nyumba zao. Kwa hiyo, ndugu, tukipewa habari kwamba mto unakuja, tusitazame mbingu iliyo safi juu yetu na kusema kwamba ni uongo. Mvua yake imekwisha kunyesha mahali tusipopaona. Tuwahamishe watoto, wazee na wagonjwa mapema, na maji ya kunywa tuyachemshe.

Tena liko jambo zito kuliko hayo. Mvua za bara zinapokosa, kama zilivyokosa majira 5 mfululizo tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mchungaji hana budi kushuka na ng'ombe wake mpaka mtoni na katika delta, kwa kuwa majani yamesalia huko. Mwenye shamba amwona amekuja kuharibu; mchungaji amwona mkulima amemzibia maji. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya Tana, wakulima na wafugaji, wanawake na watoto pamoja nao. Ukame haukuwa sababu peke yake, lakini ugomvi wa majani na maji ulikuwamo.

Twakumbuka jinsi wachungaji wa Abramu na wa Lutu walivyogombana, na Abramu, aliye mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza. Wale waliweza kuachana, huyu kushoto na yule kulia. Watu wa Tana hawawezi, kwa maana mto ni mmoja. Wazee waliweka malka, yaani njia za mifugo kufikia maji. Tusilime katika malka, wala tusipitishe ng'ombe katika mpunga wa mtu. Na mgeni mwenye vumbi la bara akifika mlangoni, tusimwite mvivu wala mwizi. Mvua iliyotupata sisi haikumpata yeye. Tumpe maji anywe kwanza, kisha tuketi na wazee wa pande zote mbili tupatane mahali pa kunywesha, kabla kiangazi hakijawa kikali.