Nani Aliyesema Weusi Ni Uchafu?

Mwaka 1884 kampuni ya sabuni ya Pears ya Uingereza ilichapisha tangazo lenye picha mbili. Katika ya kwanza, mtoto mweusi ameketi ndani ya beseni la kuogea, na kando yake mtoto wa Kizungu aliyevaa aproni amemletea sabuni. Katika ya pili, mtoto mweusi ametoka majini. Kuanzia shingoni kushuka chini amekuwa mweupe; uso peke yake ndio uliobaki na rangi yake, naye anajitazama kwa mshangao kwenye kioo alichoshikiwa na mwenzake. Aliyeiona picha hiyo hakuhitaji maelezo: weusi ni taka, na taka huoshwa.

Wanaofika kliniki za ngozi leo hawajawahi kuiona picha hiyo, lakini wanaishi na mafunzo yake. Yupo mama anayesugua viwiko, magoti na shingo ya mwanawe kwa dodoki gumu akitaka "vitakate", mpaka ngozi inachunika na kuzidi kuwa nyeusi, kwa kuwa ngozi yetu ikiumizwa hujilinda kwa kuongeza rangi. Yupo dada aliyejipaka mkorogo wa kung'arisha ngozi kwa miaka, na sasa mashavu yake yana mabaka ya kijivu yasiyofutika. Wote wawili walikuwa wanatafuta usafi, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Waafrika hawakungoja meli iwaletee usafi. Katika pwani yetu watu walitawadha mara tano kwa siku, wakapiga msuaki, wakapaka mafuta ya nazi kichwani. Bibi harusi alisingwa kwa singo na liwa akafukizwa udi. Afrika Magharibi walitengeneza sabuni nyeusi kwa majivu na mafuta ya mimea. Mawese nayo yalijulikana na mataifa mengi ya Kiafrika kabla mfanyabiashara wa Ulaya hajayatamani. Mwaka 1911 William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji na kupewa haki ya kuvuna michikichi kwenye maeneo makubwa ya Kongo. Makao ya kazi hiyo kule Kwilu yaliitwa Leverville. Wavunaji walilazimishwa kukwea michikichi kwa ujira mdogo, na watu wa kabila la Wapende walipoasi mwaka 1931 waliuawa kwa mamia. Mafuta yaliyokamuliwa kwa jasho lao yalikwenda kuwa sabuni, na sabuni ikarudi Afrika ikiwa na mahubiri kwamba Mwafrika ni mchafu.

Serikali za kikoloni ziliyapokea mahubiri hayo kwa mikono miwili, kwa sababu yalizirahisishia kazi ya kuwatenga watu. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, alizuru Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu, hoja ikiwa ni afya. Dar es Salaam ilipangwa hivyo hivyo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya wengine. Mabomba na mifereji ya maji machafu ilianzia uzunguni. Uswahilini watu walibaki na visima na foleni. Kisha afisa aliyewanyima maji akaja kuwakagua na kuandika kwamba hawapendi kuoga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili makampuni yaliona kwamba Mwafrika ana mshahara, na kwamba aibu inauzika. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, anaonyesha jinsi shule za misheni, vilabu vya akina mama na matangazo ya biashara vilivyofanya kazi kwa pamoja: Lifebuoy ikauzwa kwa wanaume kama sabuni ya nguvu, Lux kwa wanawake kama sabuni ya urembo. Mwandishi huyo hasemi watu walidanganywa tu. Walichagua na kubuni, wakazitumia bidhaa hizo kwa njia zao. Nakubaliana naye, na ninaongeza kwamba sabuni yenyewe haina kosa. Kunawa mikono kumeokoa watoto wengi. Kosa ni kupima usafi kwa rangi ya ngozi na ulaini wa nywele.

Kipimo hicho bado kipo mstarini asubuhi. Katika shule nyingi msichana mwenye nywele za kipilipili hunyolewa kwa jina la usafi, huku mwenzake mwenye nywele za singa akiruhusiwa kuzifunga. Kitaalamu hakuna msingi. Unywele wetu hujipinda, kwa hiyo mafuta ya kichwani huchelewa kufika nchani. Ndiyo maana hukauka na kukatika. Kuzisafisha nywele hizi mara moja kwa wiki, au hata kila baada ya wiki mbili, kunatosha. Kichwa kilichosukwa twende kilioni na kutunzwa vizuri hakina uchafu wowote unaohitaji wembe.

Na rangi haitoki kwa kuoga. Seli zinazotengeneza melanini zinakaribiana kwa idadi kwa binadamu wote. Tofauti ni ukubwa wa chembe za rangi na namna zinavyosambaa. Ili kuipunguza rangi ni lazima uihujumu ngozi yenyewe. Zebaki hufanya hivyo, kisha hupenya mpaka kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hata baada ya Jumuiya ya Ulaya kuzuia zebaki katika vipodozi mwaka 1976, viwanda vya hukohuko viliendelea kutengeneza sabuni zenye zebaki na kuzileta Afrika. Ulaya ilikwishajua ni sumu.

Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipitishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Sokoni bado vimo. Soma pakiti: zebaki hujificha kwa jina la calomel, na sabuni isiyotaja viambato vyake usiinunue. Kama umekuwa ukitumia bidhaa za namna hiyo, acha leo, na uende hospitali ukapimwe mkojo na figo hata kama hujisikii kuumwa.