Gitaa la bei ya chini na binti wa Msomali

KUNA swali ambalo walimu wa Garissa, Wajir na Mandera hawana budi kulijibu tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10. Mtaala huo umefungua njia tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Je, mwanafunzi wa huku kwetu aliyejaliwa sikio la muziki ataifuataje njia hiyo ya tatu ilhali shule yake haina hata gitaa moja? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba na asubiri vifaa. Sisi twasema asisubiri.

Yamkini msomaji atashangaa tukimwambia kwamba shahidi wetu katika hoja hii ni muziki wa panki. Neno lenyewe wengi walilisikia kwanza kwa kinyozi, likiwa jina la mtindo wa kunyoa. Waliousikia muziki wenyewe aghalabu huukumbuka kama kelele, matusi na nguo zilizochanika zilizoshikizwa kwa pini. Hatukatai kwamba hayo yalikuwapo. Lakini wapigaji magitaa wa leo, wakiwamo mafundi waliobobea, bado huzirejelea rekodi za miaka ya 1976 na 1977 kwa heshima kubwa, na heshima hiyo ina sababu ambazo mwalimu anaweza kuzifundisha.

Tuanze na mtu, kabla ya kufika kwenye chombo. Tarehe 3 Julai 1957, katika mji wa Bromley nchini Uingereza, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Marianne Joan Elliott-Said. Mama yake alikuwa mzungu. Baba yake alikuwa Msomali. Alilelewa na mama Brixton, kusini mwa London, katika miaka ambayo mtoto wa rangi mbili aliweza kutukanwa na pande zote mbili. Siku alipotimiza umri wa miaka 19 alikwenda Hastings, mji wa pwani, akawaona Sex Pistols wakipiga muziki ukumbini juu ya gati. Kundi hilo lilikuwa bado halijavuma. Aliporudi nyumbani alitangaza gazetini kwamba anawatafuta vijana wa kuunda naye bendi. Akajipa jina la Poly Styrene, jina la plastiki ile nyepesi ya kutengenezea vikombe vya kutupwa, na bendi akaiita X-Ray Spex.

Binti huyu hakuwa na sura ambayo wenye makampuni ya rekodi walikuwa wakiitafuta. Alivaa vyuma vya kunyoosha meno, akavaa nguo za rangi kali zisizopatana, akaimba kwa sauti ya kupasua paa juu ya bidhaa, matangazo na watu wanaogeuzwa kuwa bidhaa. Tarehe 30 Aprili 1978 alisimama jukwaani katika bustani ya Victoria, mashariki mwa London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu waliokusanyika kupinga ubaguzi wa rangi. Mwaka huohuo bendi yake ilitoa albamu iitwayo Germfree Adolescents. Alifariki Aprili 2011, na mwaka 2021 binti yake, Celeste Bell, alishirikiana na Paul Sng kutoa filamu juu ya maisha yake. Twaamini kwamba katika madarasa ya Garissa, ambako majina ya washairi wa Kisomali hutajwa kwa fahari, jina la binti huyu halijatajwa hata mara moja. Ni hasara yetu.

Sasa tutazame vyombo. Mwaka 1974 kijana wa New York aliyejulikana baadaye kama Johnny Ramone alinunua gitaa aina ya Mosrite kwa takriban dola 50. Hakulichagua kwa sababu lilikuwa bora kupita yote. Alilichagua kwa sababu aliweza kulilipia. Albamu ya kwanza ya kundi lake, The Ramones, ilitoka Aprili 1976. Ina nyimbo 14, na zote pamoja hazifiki nusu saa. Iligharimu kama dola 6,400, kiasi ambacho makundi makubwa ya wakati ule yangeweza kukimaliza kabla ya kukamilisha wimbo mmoja. Huko London, Steve Jones wa Sex Pistols alitumia gitaa jeupe la Gibson Les Paul lililokuwa la mpigaji mwingine kabla yake, naye Joe Strummer wa The Clash akalipaka rangi nyeusi gitaa lake la Fender Telecaster la mwaka 1966 na kuendelea nalo mpaka rangi ikabanduka. Vitu vya mkononi, vya mitumba, vilivyokwisha kuchakaa.

Hapa pana kejeli ambayo hatuwezi kuipita kimya. Gitaa la pili la Johnny Ramone, jeupe, alilolitumia baada ya lile la kwanza kuibwa, liliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa zaidi ya dola 900,000. Muziki uliozaliwa kwa sababu ya ukata umegeuka kuwa kipusa cha matajiri. Wapo wapigaji leo wanaotafuta kwa udi na uvumba gitaa lilelile, kikuza sauti kilekile, hata waya uleule, wakidhani kwamba sauti ya mwaka 1976 imo ndani ya kifaa. Haimo. Ilikuwa katika mkono wa kulia.

Mkono huo wa kulia ndio ambao wapigaji huustahi. Johnny Ramone alizipiga nyuzi kwa kushuka tu, kutoka juu kwenda chini, kwa kasi isiyolegea, wimbo baada ya wimbo. Anayedhani ni rahisi na achukue kijiti, apige meza kwa kushuka tu kwa dakika mbili bila kupunguza mwendo, kisha atuambie kiwiko chake kinasemaje. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaosema kwamba panki ulikuwa muziki wa watu wasiojua kupiga. Walijua mambo machache, na hayo machache waliyafanyia mazoezi mpaka yakawa silaha.

Jambo lao la pili linamhusu mwalimu wa fizikia. Nyuzi kadhaa zikipigwa pamoja huzaa kile ambacho wapigaji hukiita kodi (wala si ile kodi ya serikali). Kodi ya kawaida ina noti tatu: ya msingi, ya tatu na ya tano, na ile ya tatu ndiyo inayoamua kama sauti itakuwa ya furaha au ya huzuni. Lakini kikuza sauti kikizidishiwa nguvu hadi kikaanza kukwaruza, noti hiyo ya katikati huivuruga sauti yote ikawa kama uji. Wapigaji wa panki, kama wale wa roki waliowatangulia, waliiacha. Wakabakiza ya msingi na ya tano. Uzi mnene wa gitaa hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Noti ya tano juu yake hutetema mara 123. Uwiano wake ni 2 kwa 3, nao ni uwiano mwepesi kiasi kwamba hata sauti ikikwaruzwa hubaki imesimama. Mwanafunzi anayeelewa hesabu hiyo ameelewa nusu ya muziki wa roki.

Kwetu sisi kuna faida nyingine. Nyimbo nyingi za Kisomali zimejengwa juu ya noti tano tu, nazo hazikai vizuri chini ya kodi za Kizungu zinazotaka kila sauti iwe ya furaha au ya huzuni. Kodi isiyo na noti ya tatu haishurutishi. Huiachia sauti ya mwimbaji nafasi iende itakako.

Wala gitaa si mgeni kwa Wasomali. Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa Moshi, katika Tanganyika, mwaka 1924. Akakulia Aden, kisha akajizolea sifa Hargeisa kwa udi, chombo ambacho Wasomali hukiita kaban. Katika miaka ya 1970 na 1980 Mogadishu ilijaa magitaa ya umeme. Bendi nyingi zilikuwa chini ya serikali, na mojawapo, Iftin, ilikuwa bendi ya Wizara ya Elimu! Kila mkazi wa Garissa anaujua mtaa wa Bulla Iftin. Ni wangapi wanaojua kwamba jina hilohilo, lenye maana ya mwanga, lilikuwa la bendi iliyowachezesha watu dansi kwa fedha za wizara ya walimu? Mwaka 1988, ndege za Siad Barre zilipoushambulia mji wa Hargeisa, kanda za redio ya mji huo zilikuwa zimefukiwa ardhini zisiangamie. Baadhi ya kanda zilizosalimika zilizaa mkusanyiko uitwao Sweet as Broken Dates, uliotolewa mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Papa hapa Garissa, kikundi cha akina mama kiitwacho Gargar kimerekodi albamu, Garissa Express, kwa ushirikiano na Ketebul Music ya Nairobi.

Basi tusiambiwe kwamba tunaleta ugeni.

Tunajua hata hivyo kwamba pingamizi kubwa haliko katika historia. Wapo wazazi na masheikh wanaoamini kwamba vyombo vya muziki havifai kidini, na imani yao si jambo la kudharauliwa na mwandishi wa gazeti. Mwanafunzi asilazimishwe kushika gitaa, na mwalimu asiyezungumza na wazazi kabla ya kulileta darasani amekosa adabu. Lakini kuheshimu si sawa na kunyamaza. Mwaka 2010 kundi la Hizbul Islam liliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, na baadhi ya vituo vikalazimika kujaza nafasi za nyimbo kwa milio ya risasi na mawimbi ya bahari. Baina ya amri ya namna hiyo na mazungumzo ya heshima kati ya shule na wazazi kuna tofauti kubwa, na wakazi wa mji uliopoteza watu 148 katika shambulio la chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015 hawahitaji kufafanuliwa tofauti hiyo.

Turudi kwenye vifaa. Ule mkwaruzo ambao leo huuzwa ndani ya kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, mwanzoni ulipatikana kwa uharibifu. Mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks, Muingereza, aliikata spika ya kikuza sauti chake kidogo kwa wembe, na sauti iliyotoka ikabadilisha muziki wa magitaa. Karibu nasi zaidi, huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa Konono No. 1 alitaka likembe lake lisikike juu ya makelele ya mjini. Hakuwa na pesa za vipaza sauti. Akatwaa sumaku za vipuri vya magari, akazizungushia waya, akatengeneza vyake. Mkwaruzo uliotokea bila kukusudiwa ukawa ndio sifa ya bendi, na albamu yao ya Congotronics ikawapeleka Ulaya na Marekani.

Kanuni aliyoitumia Mingiedi ndiyo iliyomo katika kila gitaa la umeme, liwe la dola 50 au la dola 900,000: uzi wa chuma ukitetema mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya, umeme kidogo huzaliwa ndani ya waya huo. Somo hili limo katika silabasi ya fizikia. Garissa ina mafundi wa redio, ina magari mabovu yasiyohesabika, na ina vijana ambao tangu utotoni wamejua kugeuza galoni kuwa gari la kuchezea. Wazee wa Magharibi na Nyanza walitangulia zamani. Magitaa ya debe yenye waya wa breki za baiskeli ndiyo yaliyokuwa shule ya kwanza kwa wengi, na mapigo ya omutibo ya marehemu George Mukabi wa Kisa yalisindikizwa kwa chupa ya soda iliyokwaruzwa kwa chuma.

Tahadhari moja tu. Umaskini wenyewe hauna uzuri wowote, nasi hatutaki maafisa wa elimu wausome ukurasa huu kama ruhusa ya kutonunua kitu. Serikali iliyofungua njia ya sanaa inapaswa kuzipa shule vyombo, na shule za Kaskazini Mashariki zisiwe za mwisho katika foleni kama ilivyokuwa desturi. Tunachosema ni kwamba wakati barua za maombi zikizunguka kutoka ofisi hadi ofisi, mwalimu wa muziki na mwalimu wa fizikia wanaweza kuketi pamoja muhula mmoja, pamoja na mwalimu wa fasihi atakayewaletea mashairi ya wanafunzi wenyewe, kwa Kisomali au kwa Kiswahili. Ubao mmoja, nyuzi mbili, sumaku, waya, na redio kuukuu ya kukuza sauti. Noti ya msingi na ya tano. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watafika Gredi ya 12 mwaka 2028.