Mwaka 1916 Katika Pwani ya Kusini

Ama mwaka 1916, ambao kwa walimwengu ni mwaka wa Verdun na Somme, hapa Kwale ulifunguliwa kwa msiba wa Mwele, ambako mwezi wa Januari aliuawa, pamoja na baadhi ya askari wake, Arthur Wavell, Mwingereza aliyepata kuingia Makka akijidai Mzanzibari, na ambaye tangu 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wa Vanga na kuzuiliwa Gazi, aliongoza kikosi cha Waarabu wa pwani.

Juni akafa maji Lord Kitchener. Na wachache hukumbuka kuwa ndiye aliyekuwa mjumbe wa Uingereza katika tume ya 1885 iliyochunguza mipaka ya milki ya Sultani wa Unguja, ambayo taathira yake ni ule ukanda wa maili kumi uliozikumbatia Diani na Msambweni.

Julai Tanga ikatwaliwa, Septemba Dar es Salaam, vita vikahamia kusini. Lakini wapagazi, ambao maradhi na njaa viliwaua kuliko risasi, waliendelea kuchukuliwa. Wavell ana ukumbusho wake Mombasa. Wao, wengi hata makaburi hawana.