Mwandani Anayeweza Kukataa

Kijana wa Columbia Heights, Minnesota, anayecheza gemu ya kuigiza wahusika hukutana na jambo hili mapema. Mtu asiyemjua anamsimamisha msituni au kwenye nyumba ya wageni, anajitambulisha na kuomba wafuatane. Mchezaji anaweza kumkubali, na anaweza kumpita kana kwamba hakumsikia. Kwa vyovyote, hadithi itaendelea hadi mwisho. Basi mgeni huyu wa hiari ana kazi gani?

Wengi watajibu kwamba anaongeza nguvu: upanga mmoja zaidi, mganga mmoja zaidi. Mara nyingi hiyo ndiyo kazi yake ndogo kuliko zote. Na asili yake haiko mbali na kijana huyo. Columbia Heights inapakana na Minneapolis, na ni katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul ambako ulianza kuota mizizi mchezo uliompa mwandani wa kuajiriwa kanuni zake, kabla kompyuta hazijaingia majumbani.

Kanuni za mezani

Mwaka 1969 David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita wa miji hiyo, aliandaa mchezo aliouita Braunstein. Michezo ya aina hiyo ilikuwa ya kuongoza majeshi. Yeye alimpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwigiza, katika mji wa kubuni wa Ujerumani enzi za Napoleon. Miongoni mwa waliovutiwa alikuwemo Dave Arneson, mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1971 Arneson alianzisha ulimwengu wake, Blackmoor, uliochezwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake huko Saint Paul. Akashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakachapisha Dungeons & Dragons.

Katika vijitabu vya kwanza vya mchezo huo, msaidizi hakupatikana bure. Mchezaji alitangaza kazi kwenye vilabu na nyumba za wageni, kisha akatoa ahadi ya vipande vya dhahabu visivyopungua 100. Baada ya hapo dadu mbili zilirushwa. Jumla ya 12, mtu amekubali kwa shauku na uaminifu wake unapanda. Kuanzia 9 hadi 11, amekubali. Kuanzia 6 hadi 8, hajaamua. Kuanzia 3 hadi 5, amekataa kwa uadui. Ikitoka 2, anamshambulia aliyetaka kumwajiri.

Piga hesabu. Dadu mbili zina matokeo 36, na ni 10 tu yanayofikia 9 au zaidi. Bila nyongeza yoyote, ahadi ya dhahabu ilikubaliwa mara moja hivi katika kila nne. Tena idadi ya wasaidizi ilitegemea mvuto wa mhusika, uliopatikana kwa kurusha dadu tatu. Mwenye mvuto wa 3 aliruhusiwa mtu mmoja. Mwenye 18 aliruhusiwa 12, lakini 18 hutokea mara moja katika 216.

Hata aliyekubali hakuwa mali ya mchezaji. Uaminifu wake ulipimwa kwa namba, na uliposhuka aliweza kutoroka. Msomaji wa pwani atamtambua mtu huyu kwa urahisi: ni mpagazi wa misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Alipewa sehemu ya ujira kabla ya safari, akala posho njiani, na mambo yalipoharibika akatua mzigo na kutokomea usiku. Kiongozi wa msafara aliyedhani kwamba watu 200 ni nguvu ya watu 200 aligundua punde kwamba ni matumbo 200 pia.

Kutoka mtu hadi swichi

Kompyuta ilipochukua kazi ya msimamizi wa mchezo, ilirithi wasaidizi lakini haikuweza kurithi majadiliano. Mezani, msimamizi aliweza kubuni papo hapo jibu la mtu aliyepunjwa ujira. Mashine hujibu kile tu ilichoandikiwa. Ndani ya kumbukumbu yake, habari ya kwamba mwandani fulani amejiunga inaweza kuwa biti moja tu: 0 hayupo, 1 yupo.

Biti hiyo ni ndogo, ila gharama yake kwa mwandishi ni kubwa. Gemu yenye wahusika 20 wa hiari ina michanganyiko 1,048,576 ya nani yupo na nani hayupo. Hakuna anayeweza kuandika mazungumzo ya kila mchanganyiko. Kwa hiyo waandishi huweka uti wa mgongo wa hadithi mikononi mwa wahusika wa lazima, na wale wa hiari huachiwa vipande vinavyoweza kuchomolewa bila jengo kuanguka.

Final Fantasy VII ya mwaka 1997 inaonyesha jambo hili waziwazi. Yuffie, mmoja wa wahusika wake wa hiari, hupatikana msituni, na ni lazima umjibu vizuri baada ya kumshinda. Ukikosea anatoroka na kukuibia. Mwingine, Vincent, amelala ndani ya jeneza katika chumba cha chini cha jumba la Nibelheim, na kumfikia kunahitaji kufungua sefu na kumshinda kiumbe anayelinda ufunguo. Mchezaji anaweza kuwapata wote wawili, kuwakuza na kumaliza nao safari. Lakini katika filamu ya kufunga gemu hawaonekani. Filamu hiyo ilitengenezwa mara moja kwa wachezaji wote, hata wale ambao hawakuwahi kukutana nao.

Chrono Cross ya mwaka 1999, yenye wahusika zaidi ya 40 wa kucheza nao, ilitafuta njia nyingine. Waundaji waliandika sentensi moja, kisha programu ikaibadilisha kufuata lafudhi ya yeyote aliyekuwa kikosini. Kumbukumbu iliokolewa, lakini watu wengi waliishia kusema jambo lilelile kwa sauti tofauti.

Anagawana, anafungua, anahesabiwa

Ukitazama hesabu za ndani, utaona kwamba mwandani wa hiari hufanya kazi tatu kubwa.

Kwanza, anagawana. Katika Baldur's Gate, iliyotolewa na kampuni ya BioWare ya Kanada mwaka 1998, kikosi ni cha watu wasiozidi sita, wakichaguliwa miongoni mwa wahusika 25 mbali na shujaa mwenyewe. Pointi za uzoefu za adui aliyeuawa hugawanywa sawa. Zimwi la pointi 600 linampa kila mmoja wa watu sita pointi 100. Aliye peke yake huchukua zote.

Hapo mchezaji mchoyo huona ni heri asafiri peke yake. Jedwali la kanuni linasema vingine. Gemu hii inatumia sheria za Dungeons & Dragons, na askari huhitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili, kisha 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000. Kila ngazi inagharimu maradufu. Askari mwenye pointi 8,000 yuko ngazi ya nne. Angesafiri peke yake na kuchukua mafungu yote sita, angekuwa na 48,000 na kufika ngazi ya sita tu. Mbili mbele, basi. Anayegawana anapoteza ngazi mbili na kupata watu watano, wakiwemo mtegua mitego na mganga, ambao askari hawezi kujigeuza kuwa.

Pili, anafungua. Hapa Suikoden ya Konami, iliyotoka Japani mwaka 1995 chini ya Yoshitaka Murayama, haijapata mpinzani. Iliazima mfumo wa riwaya ya kale ya China kuhusu waasi 108, na ina wahusika 108 wa kukusanya. Lakini kikosi cha vita ni watu sita. Wengine 102 wanafanya nini? Wanaishi kwenye ngome yako, na ngome inakuwa mji. Mmoja anafungua duka, mwingine anafua silaha. Sergei anajenga lifti. Viki anakurusha kutoka ngome hadi mji wa mbali kwa kufumba na kufumbua. Wengi wao hutawapeleka vitani hata mara moja, na bado kila mmoja amekupunguzia safari au amekupa huduma ambayo jana hukuwa nayo.

Tatu, anahesabiwa. Katika Suikoden, ukiwapata wote 108 kwa wakati, Gremio, mtumishi aliyekufa akimlinda shujaa, anafufuliwa. Akikosekana mmoja tu, harudi.

Lakini hesabu inaweza pia kumgeukia mchezaji. Katika Mass Effect 2 ya mwaka 2010, wale usioingia nao kwenye pambano la mwisho hubaki nyuma kuzuia adui. Kila mmoja ana alama ya ulinzi. Akiwa mwaminifu kwako, Grunt ana 4. Thane, Samara na Jacob wana 2 kila mmoja. Mordin, Tali na Jack wana 1. Walinzi wakiwa watano au zaidi, wastani wa 2 unawaokoa wote. Chukua Grunt, Thane, Samara, Jacob na Mordin: jumla 11, wastani 2.2, wanapona. Mwongeze Tali: 12 kwa watu sita, wastani 2 kamili, wanapona. Mwongeze Jack: 13 kwa watu saba, wastani unashuka chini ya 2, na Mordin anakufa. Mtu mmoja zaidi ameleta maiti.

Minneapolis ilikuwa imeshaifundisha hesabu ya aina hii kwa njia nyingine. The Oregon Trail, gemu ya misafara ya magari ya ng'ombe, ilianzishwa huko mwaka 1971 na wanafunzi watatu wa ualimu: Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger. Toleo la mwaka 1985 linampa mchezaji wenzake wanne wa lazima. Wakila kwa kushiba, kila mtu anamaliza ratili tatu za chakula kwa siku; lakini kila anayefika akiwa na afya njema ana thamani ya pointi 500. Kinywa kilekile ni gharama njiani na faida mwisho wa safari.

Hiari inarudi

Waundaji bora waligundua kwamba swichi haitoshi. Katika Final Fantasy VI ya mwaka 1994, Shadow ni mamluki anayeweza kukuacha ghafla baada ya pambano. Baadaye, kisiwa kinachoelea kinapoporomoka na saa inahesabu kurudi nyuma, lazima umsubiri hadi sekunde za mwisho. Ukiruka mapema, humpati tena. Katika Baldur's Gate, mwandani Minsc anataka mwanamke aitwaye Dynaheir aokolewe, na mwandani mwingine, Edwin, anataka auawe. Wote hawawezi kuridhika. Sifa yako ikipanda mno, waovu wanaondoka. Ikishuka mno, wema wanaondoka.

Baldur's Gate 3, iliyotolewa na kampuni ya Larian mwaka 2023, imeweka aina mbili za wasaidizi kambi moja. Mhusika aitwaye Withers anakukodishia wafanyakazi wa kila taaluma ya kivita, kwa dhahabu 100 kila mmoja. Ni kiasi kilekile ambacho vijitabu vya mwaka 1974 vilikitaja kuwa cha chini kabisa. Hawa hawarushiwi dadu, na hawana neno la maana la kusema juu ya unayoyafanya. Kando yao yumo Wyll, asiyedai chochote ili ajiunge; lakini ukisaidia kuwaangamiza wakimbizi waliojificha msituni, anakuacha.

Kwenye uwanja wa vita, mfanyakazi wa Withers anaweza kupigana sawasawa na Wyll. Tofauti yao haimo kwenye panga. Mmoja anakupa mkono wa kazi, na mwingine anayafanya maamuzi yako yawe na gharama, kwa sababu anaweza kukataa. Anayetaka kujua kama gemu imemtendea haki mhusika wa hiari asihesabu pigo lake lina nguvu kiasi gani. Aulize ni jambo gani litakalomfanya aondoke. Kama halipo, alichoajiri ni kifaa chenye jina.