Amani Kwanza, Haki Baadaye? Diplomasia na Haki za Binadamu Katika Vita vya Sudan Kusini

Neno haki katika Kiswahili hubeba maana mbili pacha: kile anachostahili mtu, na uadilifu wa kuhakikisha kwamba amekipata. Katika diplomasia ya nchi zilizo vitani, pacha hawa hutenganishwa mara kwa mara. Haki ya kwanza huandikwa katika mikataba, ya pili huahirishwa. Makala haya yanafafanua jinsi jambo hilo lilivyotokea Sudan Kusini.

Taifa hilo lilijipatia uhuru tarehe 9 Julai 2011. Njia ya uhuru ilifunguliwa na Mkataba wa Amani wa mwaka 2005, uliojadiliwa nchini Kenya chini ya jumuiya ya IGAD, Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya akiwa mpatanishi mkuu. Mkataba ule uligawa mamlaka na mapato ya mafuta. Hata hivyo, haukuunda mahakama yoyote ya kuwashtaki waliowatendea raia unyama katika vita vilivyoanza mwaka 1983. Taifa jipya likazaliwa na deni hilo.

Mnamo Desemba 2013, vita vilizuka Juba baina ya vikosi vya Rais Salva Kiir na vile vilivyomuunga mkono Riek Machar, aliyekuwa makamu wake. Raia waliuawa kwa misingi ya kabila, wanawake wakanajisiwa, na maelfu wakakimbilia vituo vya Umoja wa Mataifa. Umoja wa Afrika uliunda tume ya uchunguzi chini ya Olusegun Obasanjo. Ripoti yake ilikuwa tayari mwaka 2014, lakini Januari 2015 mjadala juu yake uliahirishwa kwa kuchelea kuvuruga mazungumzo ya amani. Ilitolewa hadharani Oktoba 2015, baada ya mahasimu kutia saini mkataba mwezi Agosti. Ukweli ulilazimika kusubiri saini.

Sura ya tano ya mkataba huo iliahidi vyombo vitatu: tume ya ukweli, maridhiano na uponyaji, mamlaka ya fidia, na mahakama mseto. Mahakama mseto ni ile inayochanganya majaji wa nchi husika na wa mataifa mengine, hapa mataifa ya Afrika. Isitoshe, mkataba ulitamka kwamba cheo hakitamkinga yeyote. Vita vilirejea Juba Julai 2016, na mkataba ulipohuishwa Septemba 2018, ahadi hizo zilibakizwa.

Swali linalozuka ni hili: kwa nini ahadi hazikutimizwa? Mkataba uliipa Kamisheni ya Umoja wa Afrika jukumu la kuunda mahakama hiyo. Kwa vitendo, hata hivyo, Umoja ulingoja serikali ya Juba itie saini hati ya makubaliano, na serikali hiyo iliundwa na wale wale ambao vikosi vyao vilituhumiwa. Huko ni kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Sheria za kuunda tume ya ukweli na mamlaka ya fidia zilitiwa saini Novemba 2024, takriban miaka tisa baada ya mkataba wa kwanza. Mahakama mseto ilikuwa bado haijaundwa. Septemba 2025, serikali ilimfungulia Machar mashtaka, yakiwemo ya uhalifu dhidi ya binadamu, mbele ya mahakama ya nchini. Wafuasi wake waliyapinga wakisema ni ya kisiasa. Mahakama huru ingaliwahi kuundwa, pande zote zingalikuwa na mahali pa kujibu.

Wapatanishi wana utetezi wao. Mwenye bunduki akitishiwa jela, hatatia saini. Asipotia saini, raia wataendelea kufa. Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Lakini historia ya Sudan Kusini haikuithibitisha: haki iliachwa nje mwaka 2005, vita vikaja 2013, ikaahirishwa 2015, vita vikarudi 2016. Kuahirisha haki hakukununua amani ya kudumu.

Diplomasia haikukosa nyenzo. Mwaka 2016, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda tume ambayo baadaye ilipewa jukumu la kukusanya na kuhifadhi ushahidi. Julai 2018, Baraza la Usalama liliweka vikwazo vya silaha. Kilichopungua ni uthabiti wa kuanzisha mahakama bila kusubiri ridhaa ya watuhumiwa.

Mei 2024, mazungumzo mengine yalifunguliwa Nairobi na kupewa jina la Kiswahili, Tumaini. Jina ni zuri, ila mjane aliyempoteza mumewe Juba mwaka 2013 anahitaji zaidi ya tumaini. Ushahidi huweza kuhifadhiwa kwenye makabrasha; mashahidi huzeeka na kufa. Kwake yeye, haki ni neno moja, na nusu yake si haki.